UZI: Elliot Richardson, mwanasheria aliyeshika wizara nne Marekani, na siku kumi za Oktoba 1973

Mlinda Ghala:
Wakuu, habari za jioni.

Kila Ikulu ya Marekani ikigombana na waendesha mashtaka wake, jina la Elliot Richardson linafufuliwa. Linafufuliwa kwa usiku mmoja tu, ule wa Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1973, alipoikataa amri ya Rais Nixon ya kumfukuza mwendesha mashtaka aliyekuwa anaichunguza Ikulu, akaacha kazi. Sina tatizo na sifa hiyo, ila naona inaficha kitu. Kwangu mimi kazi yake kubwa kama mwanasheria ilikwisha siku kumi kabla, tarehe 10, na ndiyo iliyofanya Jumamosi ile iwezekane bila nchi kuangukia mikononi mwa mla rushwa. Nitashusha kwa vipande, nipo kwenye simu, mnivumilie.

Kwanza mtu mwenyewe. Kazaliwa Boston mwaka 1920, ukoo wa madaktari, watu wa kale wa Massachusetts wenye jina. Kasoma Harvard, kamaliza 1941, vita vikamdaka. Alikuwa ofisa wa kikosi cha tiba katika Divisheni ya 4 ya askari wa miguu, na alitua Normandy tarehe 6 Juni 1944, ufukwe walioupa jina la Utah. Kuna kisa chake cha huko kinachosimuliwa sana: ofisa mmoja alikanyaga bomu la ardhini, akabaki amelala katikati ya uwanja uliotegwa mabomu, na Richardson akaingia kwa miguu yake akamtoa.

Akarudi Harvard kusoma sheria, akaongoza jarida la sheria la chuo, kisha akawa msaidizi wa Jaji Learned Hand, halafu wa Jaji Felix Frankfurter wa Mahakama ya Juu. Kwa mwanasheria kijana wa enzi zile hakuna mlango uliozidi hapo. Aliingia kampuni ya mawakili Boston, lakini serikali ilikuwa inamvuta tu.

Shikeni hili, litarudi. Kuanzia 1959 hadi 1961 alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho katika jimbo la Massachusetts. Akamfikisha mahakamani Bernard Goldfine, tajiri wa viwanda vya nguo ambaye zawadi zake zilikuwa zimemng'oa Sherman Adams, mkuu wa watumishi wa Rais Eisenhower, mwaka 1958. Alimkamata kwa nini? Kwa kodi. Na Eisenhower alikuwa Republican, chama chake Richardson.

Naendelea baadaye, kuna mtu ananiita.

Kimbo_ya_Jana:
Nimeweka kambi. Shusha, mkuu.

Wanjala wa Mumias:
Salamu kutoka Kenya. Swali kabla hujaenda mbali. Hapa kwetu tangu Katiba ya 2010 kesi za jinai ziko kwa DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Mwanasheria Mkuu anabaki kuwa mshauri wa serikali. Sasa huyo Richardson akiwa Mwanasheria Mkuu alikuwa na meno gani?

Mlinda Ghala:
Swali zuri sana, bila hilo uzi wote haueleweki. Chukua Mwanasheria Mkuu, DPP na Waziri wa Sheria, wakalishe kwenye kiti kimoja. Halafu ongeza FBI, wapelelezi wa shirikisho, chini ya kiti hicho. Huyo ndiye Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Ni waziri kamili, anakaa barazani, anateuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Na Rais akiamka vibaya anaweza kumtumbua asubuhi hiyohiyo. Yaani mtu mwenye mamlaka ya kuwachunguza wakubwa anakula kwa hisani ya mkubwa kuliko wote. Ndiyo maana mwaka 1973 Seneti ilimdai ahadi kabla ya kumpitisha. Nitaifikia.

Siasa zake zilianza kwa kupigwa. Mwaka 1962 aligombea ndani ya chama kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts, akashindwa na Edward Brooke, yule aliyekuja kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi. 1964 akachaguliwa naibu gavana. 1966 Brooke akaenda Seneti, Richardson akachukua kile kiti alichokikosa. Baada ya hapo Nixon akamvuta Washington, na ndipo orodha inapokuwa ndefu: naibu wa Waziri wa Mambo ya Nje 1969, Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi 1970, Waziri wa Ulinzi Januari 1973, Mwanasheria Mkuu Mei mwaka huohuo. Wizara ya Ulinzi alikaa miezi minne tu. Kiti cha nne, Biashara, alikipata 1976 kwa Rais Ford. George Shultz naye alishika vyeo vinne vya baraza, lakini baada yake.

Chui wa Udzungwa:
Sifa zinaanza kupanda bei. Mbona umeruka haraka Wizara ya Ulinzi? Miezi hiyo minne ndege za Marekani zilikuwa zinapiga mabomu Kambodia, mkataba wa Paris wa kumaliza vita vya Vietnam umeshasainiwa, na Richardson ndiye aliyesimama mbele ya wabunge kutetea. Na alipokuwa Wizara ya Afya na Elimu, wataalamu wake waliandaa mpango wa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe kwa mabasi pale Austin, Texas. Agosti 1971 Nixon akaukana hadharani, na waziri wako akanywea. Huyo shujaa wa Oktoba alikuwa wapi?

Mlinda Ghala:
Chui, yote uliyosema ni kweli na sitayapaka rangi. Alikuwa mtiifu. Hakuwa mwanaharakati, hakuwa mpinzani ndani ya serikali, na kwa miaka minne na nusu Nixon hakuwahi kupata tabu naye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoleta uzito: siku alipokataa hakuna aliyeweza kusema huyu ni mkorofi wa siku zote.

Sasa twende Baltimore.

Mwanzoni mwa 1973 waendesha mashtaka wa shirikisho wa Maryland, bosi wao akiwa George Beall, walikuwa wanachunguza zabuni za Kaunti ya Baltimore. Mchezo wenyewe hamhitaji kufundishwa. Kampuni za uhandisi na ukandarasi zinapewa kazi za serikali, na fungu linarudi kwa mkubwa ndani ya bahasha. Walengwa wao walikuwa viongozi wa kaunti wa wakati ule. Lakini wakandarasi walipobanwa wakaanza kuongea habari za aliyetangulia. Aliyetangulia ni Spiro Agnew. Alikuwa mkuu wa kaunti, akawa gavana wa Maryland, na kufikia 1973 ni Makamu wa Rais wa Marekani. Na bahasha zilikuwa zimemfuata mpaka Washington akiwa Makamu.

Beall naye ni Republican, kaka yake ni seneta wa Republican. Angeweza kulifungia kabatini. Julai 1973 akaenda na vijana wake kwa Richardson wakammwagia mezani.

Jipeni dakika mfikirie kiti alichokalia huyu mzee mwezi huo. Tarehe 16 Julai ndiyo umma umesikia kwa mara ya kwanza kwamba Nixon alikuwa anarekodi mazungumzo ofisini kwake. Kashfa ya Watergate, ile ya watu wa kampeni ya Nixon kuvunja ofisi za Democrat mwaka 1972 na Ikulu kuificha, imefika mlangoni kwa Rais. Rais akianguka, anayeapishwa ni Agnew, na sasa Mwanasheria Mkuu anajua kwamba Agnew anapokea bahasha. Chama chake, serikali yake, mabosi wake wawili. Wote wawili!

Richardson alilipima hivi: la kwanza ni kumtoa Agnew kwenye mstari wa kurithi urais, la pili ndiyo adhabu. Agnew akapigana. Mawakili wake wakadai Makamu wa Rais hawezi kushtakiwa mpaka Bunge limwondoe kwanza. Akamwendea Spika Carl Albert akitaka Bunge ndilo limchunguze, akijua huko kesi itazeeka. Albert akakataa. Akaenda Los Angeles, akawaambia wanawake wa chama chake kwamba hajiuzulu hata akishtakiwa, ukumbi ukalipuka. Upande wa serikali wakili mkuu wa kesi za Mahakama ya Juu, Robert Bork, akaandika hoja kwamba Rais ana kinga yake ya pekee kwa sababu ya kazi yake, lakini Makamu hana, anashtakika. Likumbukeni jina la Bork.

Baada ya hoja hiyo Agnew hakuwa na pa kwenda. Tarehe 10 Oktoba akaingia mahakamani Baltimore mbele ya Jaji Walter Hoffman, akatamka kuwa hapingi shtaka moja la kukwepa kodi ya mwaka 1967, na barua yake ya kujiuzulu ikawa imeshapelekwa. Faini dola 10,000, miaka mitatu ya uangalizi, jela hakuna. Richardson alisimama mwenyewe kumwomba jaji asimfunge. Kodi tena, kama kwa Goldfine.

Mwanahawa wa Makorora:
Kaka, hapo ndipo ninapoachana nawe. Mwizi wa kuku anakula miezi sita, huyu kala bahasha miaka kumi analipa faini anarudi nyumbani kwake? Na waziri wa sheria ndiye anamwombea msamaha? Mimi nimefanya kazi mahakamani, najua harufu ya makubaliano. Hii naiita dili.

Mlinda Ghala:
Dada Mwanahawa, ni dili, na Richardson mwenyewe hakulificha. Lakini angalia alichokipata. Sharti lake lilikuwa ushahidi wote uwekwe wazi mahakamani siku ileile, na uliwekwa, kurasa 40, majina na mafungu. Agnew hakuweza kusimama kesho yake kusema kaonewa akaaminiwa. Na muda! Kesi ya kawaida ingekula miaka miwili na rufaa zake. Tarehe 12 Oktoba Gerald Ford akapendekezwa kuwa Makamu, tarehe 6 Desemba akathibitishwa. Nixon alipoondoka Agosti 1974 aliyeapishwa alikuwa mtu safi. Ukitaka kujua thamani ya lile dili, weka jina la Agnew kwenye sentensi hiyo.

Mwanahawa wa Makorora:
Nimeelewa hesabu yako. Haki bado siioni. Endelea.

Wanjala wa Mumias:
Mama ana point kali, lakini hata mimi nataka nisikie hiyo Jumamosi.

Mlinda Ghala:
Haya, Jumamosi.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 30 Aprili 1973 Nixon aliwaaga wasaidizi wake wakubwa Haldeman na Ehrlichman, pamoja na Mwanasheria Mkuu Kleindienst, akamtangaza Richardson kuwa mrithi wa huyo wa mwisho. Seneti ikasema hatumpitishi mpaka awepo mwendesha mashtaka maalumu wa Watergate aliye huru. Richardson akatafuta, kadhaa wakamkatalia, mwisho akamchukua Archibald Cox, aliyekuwa mwalimu wake Harvard. Wakakubaliana na Seneti kwa maandishi: Cox hataondolewa isipokuwa kwa utovu mkubwa usio wa kawaida. Sharti hilo likaingizwa kwenye kanuni za wizara zenye nguvu ya sheria, na anayeweza kumwondoa ni Mwanasheria Mkuu peke yake.

Cox akadai kanda tisa za yale mazungumzo ya Nixon. Jaji Sirica, aliyekuwa na kesi za Watergate, akaamuru zitolewe, mahakama ya rufaa ikakazia tarehe 12 Oktoba. Ikulu ikaja na ujanja wake: kanda zisikilizwe na Seneta John Stennis, yeye athibitishe muhtasari utakaoandikwa, halafu Cox asidai kanda nyingine tena. Stennis alikuwa mzee wa miaka 72, anapona majeraha ya risasi za majambazi waliomvamia Januari, na masikio yake yalijulikana kuwa mazito. Kumpa mtu huyo kanda zenye mikwaruzo! Wacheka, lakini ilipendekezwa kwa uso mkavu kabisa.

Richardson alikuwa tayari kulizungumza lile la Stennis. Wengi wanaosimulia hawalisemi hili. Alichokataa ni kumfunga Cox mikono asiende tena mahakamani. Jumamosi mchana Cox akaita waandishi wa habari, akaeleza taratibu kama mwalimu darasani kwa nini hawezi kukubali. Jioni Richardson akaitwa Ikulu, amri ikiwa moja: amfukuze Cox. Vita vya Mashariki ya Kati vilikuwa vinaendelea, Israeli na Misri na Syria, na Nixon akavitumia: Warusi watatuonaje tukiwa tunavurugana, ngoja kidogo basi ndiyo ujiuzulu. Akamlaumu kwamba anatanguliza ahadi zake binafsi mbele ya maslahi ya taifa. Richardson akajibu kwamba pengine wao wawili wanayaona maslahi ya taifa kwa namna tofauti. Akatoka hana kazi.

Zamu ya naibu wake, William Ruckelshaus. Alexander Haig, mkuu wa watumishi wa Ikulu, akampigia simu kumkumbusha kwamba amri imetoka kwa amiri jeshi wake mkuu. Akakataa pia. Ikulu ikatangaza kuwa yeye kafukuzwa, ingawa alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Wa tatu akawa Bork, yuleyule. Akasaini barua ya kumfukuza Cox. FBI wakatumwa usiku huohuo kuzingira ofisi za Cox, wafanyakazi hawaruhusiwi kutoka na karatasi.

Kimbo_ya_Jana:
Kwa hiyo Bork ndiye msaliti wa hadithi.

Mlinda Ghala:
Hapana mkuu, na hapa patamu. Richardson na Ruckelshaus wote wawili walimsihi Bork asijiuzulu baada ya kusaini. Hoja yao: wao wawili walitoa ahadi kwa Seneti, Bork hakutoa. Na wizara ikiachwa bila kichwa, Ikulu ingemleta mtu wake na uchunguzi wote ungezikwa. Bork aliilinda timu ya Cox ikabaki kazini. Lakini jina lilichafuka, na Reagan alipompendekeza Mahakama ya Juu mwaka 1987 Seneti ilimkataa kwa kura 58 dhidi ya 42. Sababu zilikuwa nyingi, misimamo yake ya kisheria ikiwa mbele, ila Jumamosi ile ilitajwa sana.

Chui wa Udzungwa:
Ndiyo, lakini kwa kanuni uliyoitaja, amri yenyewe ilikuwa halali?

Mlinda Ghala:
Jaji Gesell wa Washington alisema Novemba 1973 kwamba haikuwa. Kanuni ilikuwa haijafutwa, na Cox hakuwa na utovu wowote. Naona hilo ndilo linalomtofautisha Richardson na mtu aliyekasirika tu akabwaga manyanga. Alikuwa anasimamia kanuni aliyoisaini mwenyewe miezi mitano nyuma. Usichanganye na ushujaa wa kusema hapana kwa sababu roho imekataa. Richardson wa Kambodia roho yake haikukataa, tukubaliane na Chui.

Yaliyofuata mnayajua. Telegramu zikamiminika Washington mpaka mitambo ikalemewa. Ndani ya siku tatu Nixon akakubali kuzitoa kanda. Tarehe 1 Novemba Leon Jaworski akateuliwa badala ya Cox, akang'ang'ania zaidi ya Cox, na tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba Nixon azitoe na kanda nyingine alizodaiwa. Wiki mbili baadaye Nixon akaondoka.

Kisima cha Giningi:
Nimechelewa uzi, lakini nina nyongeza ambayo sisi wa pwani inatugusa. Carter, Rais wa Democrat, alimchukua huyuhuyu Richardson mwaka 1977 kuongoza ujumbe wa Marekani kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Akakaa mpaka 1980. Meza ileile walikaa watu wetu. Wazo la ukanda wa kiuchumi wa baharini, zile maili 200, lilipelekwa mapema miaka ya 70 na Frank Njenga wa Kenya. Tanzania alikuwapo Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg. Ubishi mkubwa ulikuwa madini ya chini ya bahari kuu: nchi zetu zilisema ni mali ya binadamu wote, Marekani inataka kampuni zake zichimbe. Richardson alikuwa amefika karibu kabisa na mwafaka. Reagan akaingia, akasimamisha kila kitu, na mwaka 1982 Marekani ikakataa kusaini. Mpaka leo haimo.

Wanjala wa Mumias:
Hiyo ya Njenga nilijua, ya Richardson sikujua. Shukran.

Kimbo_ya_Jana:
Na kwa nini hakuwa Rais? Mtu mwenye CV hiyo.

Mlinda Ghala:
Kwanza kura. Sura ya bwana mkubwa wa Boston, anaongea aya tatu kujibu swali la ndiyo au hapana, mkutanoni anachorachora maua pembeni ya karatasi. Pili chama kilimhama. Ford alimpa ubalozi wa Uingereza 1975 kisha Biashara, lakini kufikia 1984 alipotaka useneta wa Massachusetts, Republican walikuwa wa Reagan. Akapigwa na Ray Shamie, mfanyabiashara wa mrengo wa kulia, na Shamie akaenda kupigwa na John Kerry. Umoja wa Mataifa wakamtumia kusimamia uangalizi wa uchaguzi wa Nicaragua wa 1990. Clinton akamvisha nishani ya Uhuru 1998. Kafariki siku ya mwisho ya 1999.

Mwanahawa wa Makorora:
Nimerudi kwa ajili ya bahasha zangu. Agnew alizirudisha pesa au hakurudisha? Usinizungushe.

Mlinda Ghala:
Alirudisha, dada, na hapa faraja kidogo kwako. Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha George Washington walilianzisha, walipa kodi wa Maryland wakafungua kesi ya madai. Silaha yao kubwa ilikuwa ushahidi uleule ulioanikwa kwa sababu ya lile dili. Mwaka 1981 mahakama ikamwamuru airudishie Maryland dola 248,735, hongo pamoja na riba. Alilipa 1983, na riba ilikuwa imeongezeka ikawa 268,482.

Mwanahawa wa Makorora:
Angalau.

Mlinda Ghala:
Haijaisha. Mwaka 1989 akaiomba mamlaka ya kodi ya California, alikokuwa anaishi, wamruhusu aitoe hiyo hela kwenye mapato yake ili apunguziwe kodi. Wakamkatalia.

Mwanahawa wa Makorora:
Makubwa! Kwenye kodi tena?